UZI: Vipimo vya DNA vya rangi ya paka, vinakujibu nini na wapi vinaishia

PakaShume (mleta uzi)

Wakuu habari zenu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka auweke alama aje ausome akitulia.

Kuna swali linarudi rudi humu kwa sura tofauti tofauti. Mara "paka wangu wote wawili weusi tii, imekuwaje wamezaa mtoto wa kijivu, nimepigwa?" Mara "aliyeniuzia kanipa cheti cha DNA kimejaa herufi, ndo nini hiki?" Majibu mengi yanayotolewa ni ya kukisia, watu wanatukanana, mfugaji anaitwa tapeli wakati hajafanya kosa lolote, na vitoto vya paka vinakataliwa kisa rangi. Hilo linaniuma sana kwa kweli, ndo maana nimeamua kukaa chini niandike.

Msimamo wangu naweka mapema: kipimo cha DNA cha rangi kinajibu swali dogo sana, kwamba paka huyu ana toleo fulani la jeni fulani au hana. Basi. Ukienda maabara huna swali, unarudi na karatasi ya herufi. Ukienda na swali linaloeleweka, jibu lake ni la uhakika kuliko jicho la mtu yeyote.

Sasa tuelewane kuhusu rangi zenyewe. Manyoya ya paka yana rangi mbili tu za asili, nyeusi (yumelanini) na ile nyekundu inayoelekea njano (feomelanini). Kijivu, chokoleti, krimu, milia, mabaka, vyote hivyo ni hizo mbili tu zimefifishwa, zimepangwa kivingine au zimezimwa. Nyeupe yenyewe wala sio rangi, ni sehemu ambayo seli za kutengeneza rangi hazikufika wakati paka bado yuko tumboni.

Kwa kila jeni paka anabeba nakala 2, moja kapewa na mama moja kapewa na baba. Matoleo mengine yanatawala, yaani nakala moja inatosha yaonekane. Mengine yanajificha, yanaonekana pale tu nakala zote mbili zikifanana. Hapa ndipo kipimo kina faida yake kubwa, kwa sababu kilichojificha huwezi kukiona hata umkague paka kwa tochi.

Turudi kwa hao weusi wawili waliozaa kijivu. Jeni inayohusika inaitwa MLPH, watu wa maabara wanaiandikia herufi D. Kazi yake ni kusaidia punje za rangi zisambae vizuri kwenye unywele. Toleo d lina herufi moja ya DNA iliyodondoka, moja tu, na hiyo inatosha kuharibu kazi. Paka mwenye d/d punje zake zinajikusanya mafungu mafungu ndani ya unywele badala ya kutandaa, jicho linaona kijivu (wafugaji wanaita bluu). Mwenye D/d ni mweusi kabisa, humtofautishi na D/D kwa macho. Kwa hiyo weusi wawili wote wakiwa D/d, kila mtoto ana nafasi 1 kati ya 4 ya kuwa kijivu. Hakuna utapeli hapo wakuu, ni kawaida mno. Na d hiyo hiyo ndo inageuza paka wa chungwa kuwa krimu na wa chokoleti kuwa ile rangi wanayoiita lilaki.

Jeni nyingine ni TYRP1, herufi B. Ina matoleo matatu yaliyopangana kwa ubabe: B nyeusi iko juu, chini yake b ya chokoleti, chini kabisa b yenye kialama cha l pembeni, hiyo ni rangi ya mdalasini. Mwenye chokoleti moja na mdalasini moja anaonekana chokoleti. ASIP, herufi A, inaamua milia itaonekana au la: A inaruhusu kila unywele uwe na pete za rangi mbili, a/a inazima pete na paka anakuwa rangi moja. Ila angalieni hapa, a/a haifuti milia, inaifunika tu, ndo maana kitoto cha paka mweusi ukikiweka juani unaweza kuona milia hafifu kabisa mgongoni au mkiani, akikua inapotea.

Halafu TYR, herufi C, hii naipenda kuliko zote. Toleo lake la Kisayami (la paka aina ya Siamese) linatengeneza kimeng'enya kisichovumilia joto. Kwenye sehemu za mwili zenye joto kinashindwa kazi, kwenye sehemu za baridi kinafanya kazi. Matokeo yake masikio, pua, miguu na mkia vinakuwa vyeusi, mwili unabaki mweupe mweupe. Watoto wao wanazaliwa karibu weupe kabisa kwa sababu tumboni mwa mama kote ni joto, rangi inakuja yenyewe siku zinavyokwenda. Hata daktari akimnyoa ubavuni kwa ajili ya upasuaji, manyoya yanaweza kurudi meusi pale kwa sababu ngozi ilikaa wazi ikapoa. Kuna toleo la ndugu yake, la Kiburma (la paka aina ya Burmese), na paka mwenye moja ya Kisayami na moja ya Kiburma anakuwa katikati, hao ndo aina inayoitwa Tonkinese.

Chungwa na nyeupe naziacha kwanza maana zinahitaji nafasi yake. Ulizeni.

MkiaMrefu

Asante kwa madini mkuu. Swali langu, hizo herufi kwenye cheti zinasomwaje? Mimi nina dume mweusi, karatasi yake imeandikwa a/a, B/b, D/d, C/C. Nataka kumpandisha kwa jike ambaye naye ni B/b D/d.

PakaShume

Mkuu hiyo karatasi yako ni nzuri kwa kufundishia. a/a ni rangi moja bila milia. B/b ni mweusi anayebeba chokoleti. D/d anabeba kufifia. C/C habebi Usayami wala Uburma, amalize hapo. Maabara nyingine badala ya herufi kubwa wanaandika N, wakimaanisha toleo la kawaida, kwa hiyo ukiona N/d usishtuke, ni D/d hiyo hiyo.

Ukimpandisha kwa jike wa aina ile ile, kila mtoto ana robo ya kuwa b/b na robo ya kuwa d/d. Kupata vyote viwili kwa pamoja, yaani lilaki, ni robo ya robo, 1 kati ya 16. Na hii ni nafasi ya kila mtoto peke yake, sio kwamba ukifikisha watoto 16 lazima mmoja awe lilaki. Watu wanakosea sana hapo, anapata mzao mzima weusi watupu anaanza kusema maabara imemdanganya.

Usisahau kuangalia jike upande wa A pia. Kama ana A hata moja, baadhi ya watoto au wote wanaweza kuwa na milia.

Kucha5

Nakazia uzi. Mimi jike wangu mweusi mtupu kazaa watoto, mmoja ni dume wa chungwa kabisa. Dume wa jirani ni wa chungwa kwa hiyo nilijua ni baba yake tu, ila kuna mtu kaniambia haiwezekani. Kwa nini isiwezekane wakati baba ni chungwa?

PakaShume

Dada hapa ndo umegusa lenyewe, ngoja nieleze taratibu.

Jeni ya chungwa imekaa kwenye kromosomu X. Jike ana X mbili, dume ana X moja na Y. Mtoto dume X yake anaipata kwa mama PEKEE, baba anampa Y. Kwa hiyo baba awe chungwa, awe mweusi, awe kijani, haihusiki hata kidogo na uchungwa wa mtoto wa kiume. Mama mweusi hana chungwa la kumpa, basi madume wake hawawezi kuwa chungwa. Jike chungwa ukimpandisha kwa dume yeyote, madume wote watakaozaliwa ni chungwa. Na jike mweusi kwa dume chungwa, watoto wa kiume wote weusi na mabinti wote wenye mabaka ya rangi mbili.

Kwa nini mabinti wanakuwa mabaka na sio rangi moja ya kati? Kwa sababu kila seli ya jike inazima X moja. Jambo hili Mary Lyon wa Uingereza alilieleza mwaka 1961. Kiinitete kikiwa kidogo sana kila seli inachagua bila mpangilio X ipi izimwe, na watoto wote wa seli hiyo wanafuata uamuzi ule ule. Penye X ya chungwa hai unaona chungwa, penye ile nyingine unaona nyeusi. Ndo maana paka wa mabaka karibu wote ni majike. Dume wa mabaka yupo lakini ni adimu, makadirio yanayotajwa sana ni kama 1 kwa kila 3,000 ya paka wa mabaka, na mara nyingi ana X mbili na Y, na huwa hazalishi.

Sasa kwako kuna mambo mawili. Aidha huyo mtoto sio wake, maana majike wanaokaa pamoja wanachanganya watoto na kunyonyeshana, au mama sio mweusi mtupu unavyodhani. Kuna majike wa mabaka ambao chungwa lao ni nywele chache tu. Kabla hujalipia kipimo chochote mkague mchana kwenye mwanga wa jua: katikati ya vidole vya miguu, chini ya kidevu, kwapani, tumboni, ncha ya mkia. Funua manyoya uangalie hadi kwenye mashina. Njoo utupe mrejesho.

Nyauku

Mkuu nilisoma mahali kwamba kipimo cha chungwa hakipo, wewe unaongelea kana kwamba kipo.

PakaShume

Ulichosoma kilikuwa kweli kwa muda mrefu. Watu wamejua tangu miaka ya 1910 kwamba chungwa la paka linafuata jinsia, ila jeni yenyewe ilikuwa haijulikani ni ipi kwenye X. Rangi nyekundu ya wanyama wengine wengi inatokana na jeni kama MC1R, ambayo haiko kwenye X kabisa, kwa hiyo kwa paka ilikuwa lazima watafute upya.

Mwaka 2025 timu mbili zilichapisha majibu pamoja kwenye jarida la Current Biology, moja ya Hiroyuki Sasaki wa Chuo Kikuu cha Kyushu Japani, nyingine ya kina Christopher Kaelin na Greg Barsh wa Stanford Marekani. Kila timu ilifanya kivyake na wakakutana sehemu moja: kuna kipande cha DNA cha herufi kama 5,100 kimekatika kwenye eneo la jeni inayoitwa ARHGAP36. Kilichokatika sio sehemu yenye maelekezo ya kutengeneza protini. Ni sehemu nyingine ya eneo hilo, na kukatika kwake kunaiwasha jeni hiyo ndani ya seli za rangi, mahali ambapo kwa kawaida haiwaki. Ikiwaka inazuia utengenezaji wa rangi nyeusi, inabaki nyekundu. Na paka wa chungwa waliochunguzwa walikuwa na mkatiko ule ule, dalili kwamba wote wametokana na tukio moja la zamani. Kitu kingine kilichonifurahisha, kazi ya Sasaki ilichangiwa na wapenzi wa paka wa kawaida, watu walitoa pesa zao mtandaoni kwa sababu walitaka tu kujua paka wao wamekuwaje hivyo.

Kwa hiyo sasa mkatiko wenyewe unajulikana na unaweza kupimwa moja kwa moja. Vipeperushi vya zamani vya maabara bado vinasambaa, angalieni tarehe kabla ya kuamini.

Mbalamwezi

Mimi nina shida tofauti. Nilinunua paka wa kijivu nikaambiwa ni Russian Blue halisi (aina ya paka wa kijivu wenye ukoo) na nikaonyeshwa cheti cha DNA cha d/d kama ushahidi. Je kinatosha?

PakaShume

Hapana mkuu, hakitoshi hata kidogo. d/d inasema paka ni kijivu, jambo ambalo unaliona kwa macho. Toleo d limesambaa kwa paka wa kawaida wasio na ukoo wowote, hata Usayami nao uko hivyo hivyo, unaweza kuokota kitoto jalalani kina uso mweusi na macho ya bluu na hakina babu wa Kisayami anayejulikana. Rangi sio ukoo. Ukoo unathibitishwa na kumbukumbu za wazazi kwenye chama cha wafugaji, na kipimo cha uzazi cha DNA ambacho ni kingine kabisa, kinalinganisha alama nyingi za mtoto na za mama na baba.

Na kwa faida ya wengine, mzao mmoja wa paka unaweza kuwa na baba zaidi ya mmoja, jike akipandwa na madume tofauti kwenye joto lile lile. Kwa hiyo ukimpima mtoto mmoja ukathibitisha baba, hujathibitisha kwa nduguze.

Aliyekuuzia sitasema ni mwongo, pengine naye aliambiwa hivyo hivyo. Muombe karatasi za wazazi.

MkiaMrefu

Vipi kuhusu kuchukua sampuli nyumbani, mtu anaweza kukosea?

PakaShume

Anaweza, na kosa kubwa liko kwa watoto wanaonyonya. Kijiti cha pamba unakizungusha ndani ya shavu, kati ya shavu na ufizi, unachotaka ni seli za shavu lake. Sasa mtoto katoka kunyonya, mdomo mzima umejaa maziwa na seli za mama, unapeleka maabara DNA ya watu wawili. Jibu linakuja halieleweki, au baya zaidi linakuja linaeleweka lakini ni la mama. Mtenge kwanza na mama yake kwa muda na pia na sahani wanayolia pamoja, ndo uchukue. Ukiweza kusubiri aache kunyonya ni bora zaidi.

Andika jina kwenye bahasha KABLA hujamshika paka, sio baada, maana ukishakuwa na watoto wanne wote weusi wanakimbia huku na huku umeshapotea. Nawa mikono ukihama kutoka paka mmoja kwenda mwingine, usiguse ile pamba. Acha ikauke yenyewe hewani halafu weka kwenye karatasi, sio mfuko wa plastiki, unyevu ukifungiwa ukungu unaota na DNA inaharibika. Na kama paka ana namba ya chipu (ile inayowekwa chini ya ngozi) iandikwe kwenye fomu, vinginevyo cheti hakimfungi paka yeyote.

Kucha5

Mrejesho wakuu! Nimemkagua. Chini ya kidevu hakuna kitu, ila kwenye mguu wa nyuma katikati ya vidole kuna kijisehemu kidogo cha chungwa, na tumboni karibu na chuchu ya mwisho kuna nywele kadhaa. Miaka yote hii sikuwahi kuziona.

PakaShume

Safi sana, basi huyo ni jike wa mabaka ambaye nyeusi imechukua karibu mwili mzima. Nusu ya madume wake unategemea wawe chungwa. Huna haja ya kulipia kipimo, umeshajibiwa. Ila angekuwa hana hata unywele mmoja hapo kipimo cha ule mkatiko kingekuwa na maana.

Nyauku

Mimi nashangaa kitu kimoja. Kama DNA ndo inaamua, kwa nini paka wawili wenye cheti kile kile wanaonekana tofauti? Nina ndugu wawili wote wana mabaka meupe, cheti kinafanana, mmoja kifua tu ni cheupe mwingine karibu mwili mzima.

PakaShume

Swali zuri kuliko yote hadi sasa. Kipimo kinasema jeni ipo, hakichori ramani ya mwili.

Mfano wake mkubwa ni CC, paka wa kwanza duniani kutengenezwa kwa kunakiliwa, alizaliwa tarehe 22 Desemba 2001 Chuo Kikuu cha Texas A&M. Mama aliyetoa seli aliitwa Rainbow, paka wa rangi tatu: chungwa, nyeusi na nyeupe. CC akatoka bila chungwa kabisa, wa milia na nyeupe tu. DNA ile ile. Sababu ni ile ya X kuzimwa, seli iliyotumika ilitoka sehemu ambayo X ya chungwa ilikuwa imezimwa, ikabaki hivyo. Ungewapima CC na Rainbow wakiwa hai, kwenye karatasi wangekuwa kitu kimoja, ila ungewaweka pamoja hata mtoto mdogo angewatofautisha.

Kwa weupe ni jambo lingine lakini linafanana kidogo. Jeni ni KIT. Zamani sana kirusi cha paka kilijipachika ndani ya jeni hiyo na kikabaki kinarithiwa. Kikiwa kizima kinaleta mabaka meupe. Kuna toleo ambalo kimebaki kipande chake tu, hilo ndo linaleta paka mweupe mwili mzima. Seli za rangi zinaanzia karibu na mgongo na kusambaa kiinitete kinapokua, KIT ikiyumba zinachelewa au zinakufa njiani, ndo maana weupe unapenda tumbo, kifua na miguu, sehemu za mwisho kufikiwa. Nakala mbili za mabaka kwa kawaida zinaleta weupe mwingi kuliko moja, ila mpaka wenyewe upite wapi kuna bahati nyingi ndani yake. Ndugu zako hao hawana tatizo lolote.

Na kuna wakati cheti kinasema hakuna kitu na jicho linaona kitu. Finland kuna paka ambao nywele zao zinaanza nyeusi kwenye shina zinaishia nyeupe nchani, wamewaita salmiak kwa jina la peremende ya kwao. Walianza kuonekana mwaka 2007. Wakapimwa vipimo vyote vya weupe vilivyokuwepo, vikatoka hasi. Mwishowe wakasoma DNA nzima na kukuta mkatiko mkubwa wa herufi kama 95,000 jirani na KIT, matokeo yalichapishwa 2024. Kwa hiyo ukipata hasi, maana yake ni kwamba yale matoleo waliyoyatafuta hayapo. Daima uliza maabara inatafuta matoleo gani.

Mbalamwezi

Naomba kuuliza la mwisho, nataka kufuga weupe wenye macho ya bluu. Kuna kipimo cha DNA kitakachoniambia kama watoto watakuwa viziwi?

PakaShume

Mkuu hapa naomba unisikilize vizuri. Seli za rangi hazikai kwenye ngozi tu, ziko pia ndani ya sikio na bila hizo sikio linakufa wiki za mwanzo baada ya kuzaliwa. Toleo la weupe kamili linapozuia seli zisifike kwenye ngozi linaweza kuzizuia zisifike sikioni na kwenye jicho vile vile, ndo maana weupe, macho ya bluu na uziwi vinatembea pamoja. Sio kila mweupe ni kiziwi, ila mwenye macho yote mawili ya bluu hatari yake ni kubwa zaidi, akiwa na jicho moja la bluu ni ya kati, na hata wa macho ya njano yumo wachache.

Kipimo cha DNA kitakwambia ana W ngapi (W ndo herufi ya toleo hilo la weupe kamili). Hakitakwambia huyu anasikia na yule hasikii. Cha kusikia kinaitwa BAER, mtoto anawekewa sindano ndogo kichwani, anachezewa sauti kila sikio kivyake na mashine inasoma ubongo ulivyoitikia. Kupiga makofi nyuma yake hakusaidii, anahisi upepo na mtikisiko, na kiziwi wa sikio moja atageuka kama kawaida.

Mimi binafsi kupandisha mweupe kwa mweupe siungi mkono. Mpandishe mweupe aliyepimwa masikio kwa mwenzake wa rangi, akiwa na W moja nusu ya watoto watakuwa weupe bado. Na hapo ndo DNA inakufaa kweli, kwa sababu mweupe anaficha kila kitu, chini yake anaweza kuwa chungwa, kijivu, wa milia, huoni. Wakati mwingine kitoto cheupe kinazaliwa na doa la rangi utosini ambalo linapotea akikua, lipige picha mapema, linakudokeza. Usipolipata mpime W, ule mkatiko wa chungwa, A, B, C na D, utajua watoto wasio weupe watakuwa rangi gani.

Mbalamwezi

Nimekuelewa. Nina bajeti ndogo, nikichagua kimoja nianze na BAER au DNA ya rangi?

PakaShume

BAER, wazazi wote wawili kabla ya kupandisha na watoto wote wakifika kama wiki 6. Na kama hao weupe wako wana damu ya Kiajemi (paka aina ya Persian) kinachofuata sio rangi bado, ni PKD1, jeni ya uvimbe wa maji kwenye figo, inajulikana tangu 2004 na nakala moja tu inatosha kumuumiza paka. Wenye paka aina ya Maine Coon waanze na MYBPC3, jeni ya ugonjwa wa moyo. Rangi ikae mwisho wa foleni, pesa ikibaki.